Gari Langu Sasa Linapoa Injini Ikiwa Imezimwa

Nyumba ya kona, mlango wa bluu,
Nyuma ya karakana ya friji.
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Zipokee salamu za kaka yako zikiwa bado moto, maana nimezitoa kifuani sasa hivi. U hali gani huko uliko? Mkeo hajambo? Wanao wanakua, au wanarefuka tu kama ulivyokuwa wewe? Na ule mgongo wako, umeacha kulalamika? Sisi huku tunapumua. Mimi ni mzima kama chuma cha zamani. Goti la kushoto ndilo linalojifanya limezeeka, na mimi sijalikubalia.

Najua utashangaa kupata barua. Simu ninayo, lakini simu iko chumbani, na chumbani yuko shemeji yako, na ninayotaka kusema yanamhusu yeye. Kwa hiyo nimejifungia karakanani na kalamu. Wewe unajua kwamba shule mimi niliichungulia mlangoni tu. Kalamu kwangu ni nzito kuliko kompresa ya friji. Usiucheke mwandiko. Neno lisilosomeka liruke, utalielewa mbele.

Shemeji yako hali yake ndiyo ile ile. Moyo unamsumbua, miguu inavimba, na joto likizidi kichwa kinamzunguka. Kila Jumanne anakwenda kliniki. Pale watu ni wengi kama siafu, mabenchi yamejaa, na feni ya ukutani inazunguka kama inayoona haya. Kwa hiyo wagonjwa wenye magari husubiri ndani ya magari yao uwanjani, mpaka karani awaite kwa kipaza sauti.

Sasa sikia tatizo lilikoanzia. Gari langu unalijua, lile la rangi ya maziwa ulilolipanda siku ya harusi ya binti yetu. Ni gari la heshima zake. Lakini kiyoyozi chake kilikuwa kinazungushwa na mkanda wa injini, kama magari yote ya rika lake. Ukizima injini, na baridi umeizima. Na pale kliniki kuna mlinzi, mtu mkali kuliko pilipili. Akisikia injini inanguruma chini ya madirisha ya wodi, huyo anakuja na rungu lake: zima, moshi unawaingilia wagonjwa. Nikizima, shemeji yako anaiva. Nikiwasha, naaibishwa mbele za watu kama mtoto aliyekojoa darasani.

Hapo ndipo alipoingia Mpimaji.

Huyu ni jirani yetu mpya, ukuta kwa ukuta. Alikuwa mpima ardhi, akastaafu, na mke wake alifariki kabla hajahamia huku. Mtu mrefu, mashati yake yamenyooka mpaka mikono, anavaa soksi hata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Yeye naye Jumanne ni siku yake ya kliniki, anapimwa sukari. Ana gari la haibridi, yale yanayokwenda kwa mafuta na umeme. Kiyoyozi chake ni cha umeme mtupu, hakijui mkanda wala hakiiombi injini ruhusa. Linasimama kimya kama kabati, na ndani baridi inakungoja. Siku moja goti lilinibana, akaniambia kwa ile sauti yake ya taratibu, mzee mwenzangu pumzika, mimi nampeleka dada. Nikasema sawa, ujirani ndio huo. Wiki iliyofuata goti limepona, na bado wakaenda wote wawili. Na iliyofuata tena vile vile.

Mdogo wangu, wewe sikufichi. Nilidhani wivu niliuacha pamoja na suruali za ujana wangu. Kumbe ulikuwa umelala tu, kama paka kwenye majivu. Fikiria, mwanamke niliyeishi naye tangu wewe unafutwa kamasi, anasimama mbele ya kioo anafunga kitambaa kipya kichwani, anakwenda kliniki. Akaniuliza kama kimekaa vizuri. Nikamwambia waulize wenye magari ya baridi. Yeye akacheka. Mimi sikucheka. Anarudi mchana ametulia, hana jasho, hana lawama. Nikimuuliza mlizungumza nini, jibu lake ni kwamba tulikaa tu. Watu wawili wenye midomo yao, wakae tu? Hilo akamwambie mwingine.

Nikajiambia, kumbe ni baridi ndiyo inayomvuta. Na baridi ndiyo kazi yangu. Nani katika mji huu hajui? Nyama ya bucha, dawa za duka la dawa, maziwa ya watoto wa watu, vyote vimelala salama kwa mkono huu unaokuandikia. Leo mpima viwanja, mtu anayeinunua baridi ikiwa imeshatengenezwa, anishinde kwa baridi? Haiwezekani. Nikaapa gari langu nalo litapoa kwa umeme.

Nilikwenda kwenye uwanja wa skrepa za malori. Malori ya safari ndefu, dereva hulala mle mle ndani, kwa hiyo siku hizi yanawekewa kompresa ya umeme ya kupoza kabini usiku injini ikiwa imelala. Nikaipata moja. Nikaitikisa, nikaisikiliza, nikainusa kama mtu anayenusa samaki, nikajua haijaungua. Ile ya mkanda niliifungua nikaitupa chini ya meza. Hii ya umeme nikaifunga kando ya injini kwa vyuma nilivyovikunja mwenyewe. Kwenye buti nikapanga betri mbili kubwa, za kulisha kompresa peke yake, ninazozichaji nyumbani kwenye soketi ya ukutani. Betri ya kuwashia gari haiguswi. Akili hiyo sikufundishwa na mtu.

Waya alinifungia fundi umeme wa kituo cha malori, mwanamke mfupi, maneno machache, wenyewe wanamwita Fyuzi. Alipomaliza akaniuliza, mzee, na feni je? Nikamwambia, mwanangu, mimi nimetengeneza friji kabla mama yako hajaposwa. Umewahi kuona friji ya nyumbani yenye feni mgongoni? Ina wavu wake mweusi tu, unatoa joto wenyewe, na maisha yanakwenda. Akanitazama, akafunga kisanduku chake cha vifaa, akasema gari ni lako, mzee.

Nikanyonya hewa kwenye mabomba, nikajaza gesi, nikabonyeza. Ilikuwa asubuhi mapema, jua halijapanda, jambo ambalo sikulitilia maanani. Baridi ikatoka. Nilikaa mle ndani, injini kimya, mpaka nikaomba koti. Shemeji yako akaweka kiganja kwenye tundu la upepo, akasema kweli mume wangu wewe ni fundi. Nilipiga honi ndefu ili Mpimaji atoke aone. Hakutoka. Wivu ule, nikasema.

Jumanne nikampeleka mwenyewe. Niliegesha makusudi ubavuni mwa gari la Mpimaji, vioo vikitazamana. Nikamwita mlinzi aje aweke sikio kwenye boneti langu. Akaweka, akasikia mvumo mdogo tu, akatikisa kichwa kwa heshima. Nikawaita na wagonjwa wawili watatu waje waionje baridi. Mmoja hakutaka kutoka tena, ikabidi mkewe amvute mkono.

Jua likapanda. Baridi ikaanza kulegea, nikamwambia shemeji yako ni kwa sababu ya milango kufunguliwa sana. Ikawa uvuguvugu. Ikawa joto. Nikiwa nakwenda kufungua boneti, bomba likapasuka kwa kishindo, ukungu mweupe ukaruka juu, wagonjwa wakatawanyika hata wale wenye magongo, na mlinzi akaja mbio na ndoo ya mchanga, akalimwagia gari langu ambalo wala halikuwa linaungua.

Nikueleze kilichotokea, maana najua utauliza. Wavu wa kutolea joto kwenye gari uko mbele, na unapepewa na feni. Feni ya gari langu inazungushwa na injini. Mimi nimeipa kompresa umeme, injini nimeizima, kwa hiyo feni imesimama na joto halina pa kwenda. Friji inakaa jikoni kivulini, kazi yake ni kupoza kisanduku. Gari linasimama juani na bati lake linachoma. Gesi ikavimba mpaka ikatafuta mlango wake yenyewe. Ni kosa ambalo fundi friji pekee ndiye angelifanya. Fundi magari angekumbuka feni, na fundi mbovu asingefika hata hapo nilipofika.

Lakini si bomba lililoniumiza. Shemeji yako alishuka anatetemeka. Mpimaji akafungua mlango wa gari lake, hakusema neno, na mke wangu akaingia. Mimi nikabaki juani, mchanga kwenye viatu, spana mkononi. Na kupitia kile kioo nikawaona. Mke wangu alikuwa anasema. Tena si neno moja. Anasema, anasimama, anafuta macho kwa ncha ya mtandio, anaendelea. Na yule mtu anatazama mbele tu, mikono kwenye usukani, kama anaendesha. Mimi mwanamke huyu hajazungumza nami hivyo tangu watoto wahame.

Nilirudi kwa Fyuzi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli, nina majibu tayari. Yeye hakuinua hata kichwa.

"Feni ngapi, mzee?"

"Mbili."

Nikabadilisha bomba, nikajaza gesi upya, na feni tukazifunga mbele ya wavu, za umeme, zinawaka pamoja na kompresa. Na Jumanne iliyofuata, mdogo wangu, ningependa ungekuwepo. Jua linaua ndege, injini imelala, na ndani ya gari langu shemeji yako amevaa sweta. Kutwa nzima. Mlinzi alikuja kuegemea dirisha langu na kuomba radhi kwa ule mchanga. Nikamweleza mambo ya gesi, nikamweleza mambo ya betri, nikamweleza na muuguzi aliyepita na mgonjwa wa gari la pili, na shemeji yako nikamweleza vile vyote ambavyo sikuwahi kumweleza kuhusu friji. Gari la Mpimaji lilikuwa pale pale, na siku hiyo lilikuwa gari tu. Nilirudi nyumbani natembea kama aliyeoa jana.

Sasa sikia. Jumatatu jioni niko uani, nikasikia shemeji yako anasema juu ya ukuta, kaka, kesho utakwenda saa ngapi, nije na wewe. Damu ilinipanda mpaka kwenye masikio. Nikamfuata jikoni.

"Gari langu lina kasoro gani sasa?"

"Halina."

"Baridi yake haitoshi?"

"Inatosha mpaka nabeba sweta, baba watoto."

"Basi kwa yule unafuata nini?"

Akaitua sufuria aliyokuwa ameishika. Wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Yule akizima injini, ananyamaza," akasema. "Wewe ukizima injini, ndipo unapoanza."

Nilimjibu mengi, ambayo nayo hayakunisaidia. Ndiyo, mimi nasema. Mama yetu alisema mtoto huyu alizaliwa anajadiliana na mkunga. Lakini niliyasema yote kwa faida yake, asichoke kukaa bure. Usiku ule nililala nimempa mgongo, na kulipokucha bado nilikuwa nimeugeuza.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Kama Mpimaji ni bingwa wa kunyamaza, nikasema, kunyamaza nako ni kazi ya mikono, nitaiweza. Nikamwomba shemeji yako, si kumwamuru, nimeomba, apande na mimi mara moja tu, na asiporidhika nitamfungulia mlango wa Mpimaji kwa mkono wangu. Akakubali.

Hujui kazi niliyoifanya siku hiyo. Lori lilitukata mbele, sikusema. Mtu akaegesha upande mbele ya macho yangu, nikameza. Mlinzi akaja kuniuliza zile feni zinakula umeme kiasi gani, swali zuri kabisa, swali nililolisubiri wiki nzima, nikaweka kidole midomoni. Akadhani jino. Akaniletea maji. Nikazima injini, nikaweka mikono kwenye usukani nikatazama mbele, kama nilivyomwona yule akifanya. Hakuna kilichosikika ila mvumo wa feni zangu mbili. Nikaanza kuona kwamba ukimya una kina, na mimi sijui kuogelea.

Kisha akasema.

"Daktari amesema vali moja ya moyo imechoka. Wanataka kunipasua kifua."

Nilikuwa na maswali kama nzige. Niliyabana kwa meno. Akaendelea polepole, anasimama, anaendelea. Kwamba ameambiwa tangu kabla sijainunua ile kompresa. Kwamba hospitali ya kufanyia ni mbali, safari ya kutwa, na yeye amekuwa akiwaambia wasubiri kwanza, wasubiri kwanza. Kwamba kufa hakumtishi sana, ameshazaa na kuozesha. Anachoogopa ni kule kulazwa usingizi, afumbe macho asijue ni nani aliye pembeni yake. Nikamshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikujisifu kwa baridi.

Tulipofika nyumbani ndipo liliponiingia. Yote haya Mpimaji aliyajua. Yale maneno niliyoyaona kupitia kioo ndiyo haya. Mdogo wangu, ule wivu wa kitambaa kipya ulikuwa mchezo wa watoto. Huu sasa ndio wivu. Mtu wa ukuta wa pili, aliyehamia juzi, alijua moyo wa mke wangu una nini kabla yangu mimi mwenye nyumba.

Nikaenda kugonga. Nilikuwa nimepanga maneno kama risasi. Akafungua na soksi zake.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Siri si yangu, mzee mwenzangu. Kila Jumanne nilimwambia, mwambie mwenyewe. Akawa ananijibu, nitamwambia siku akivuta pumzi."

Risasi zangu zote zikalowa. Nilitaka kuondoka, akanishika bega, jambo ambalo si kawaida yake. Akaniambia kwamba hospitali ile anaijua, na barabara yake anaijua, kwa sababu huko huko ndiko alikompeleka marehemu mkewe, yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani.

"Njia nzima nilitazama barabara," akasema.

Hakuongeza kitu. Kwa mara ya kwanza nikauchukia ukimya wake kwa sababu nyingine, sijui hata kuiandika.

Kwa hiyo tumepanga hivi, na nimepanga mimi. Upasuaji ni mwisho wa mwezi huu, shemeji yako mwenyewe amewaambia sasa ndiyo. Tunakwenda kwa gari langu. Lina nafasi nyuma ya kunyoosha miguu iliyovimba, na hata tukikwama njiani na injini tukaizima, baridi yangu haikatiki. Mpimaji ndiye atakayeendesha. Usukani huu hajawahi kuushika mtu mwingine, hata wewe nilikunyima siku ya harusi, unakumbuka. Mimi nitakaa nyuma na mke wangu, mkono wake kwenye mkono wangu, mpaka mlango wa chumba cha kupasulia, na wakinikubalia, mpaka afumbe macho. Nimemwambia Mpimaji asifungue mdomo njia nzima. Akasema hilo halitampa tabu.

Usidhani nimeanza kumpenda. Simpendi. Shemeji yako juzi amemshonea soksi moja iliyotoboka, na nimeiona ikianikwa kwenye kamba yangu. Lakini mtu mmoja lazima atazame barabara, na safari hii sitakuwa mimi.

Ninachokuomba wewe ni kitu kimoja. Mwandikie. Si mimi, yeye. Alikulea kwa uji wa mkono wake ulipokuwa hapa kwetu, anakuhesabu mtoto wake wa kwanza. Mwandikie mambo ya wanao, nani ameng'oka meno, nani ni mtukutu, mambo marefu, apate kuyasoma akiwa kitandani kule. Usimtajie kwamba nimekuandikia. Na uandike mapema, maana njiani nimeahidi kunyamaza, na itabidi tuwe na kitu cha kumsomea.

Msalimie mkeo, mwambie shemeji yake mzee bado ana nguvu za kubeba friji. Wasalimie wanao, yule wa kwanza hasa, aliyerithi pua yangu. Msalimie shangazi ukimpigia, na binamu yetu dereva wa mabasi, mwambie gari langu limepita la kwake. Dada yako mkubwa anakusalimu, yeye ndiye atakayelala hapa kutuangalizia nyumba.

Mungu akupe baridi pale penye joto na joto pale penye baridi, na akufikishie mikononi kila unachokipenda kikiwa kizima. Tuombee, mdogo wangu. Hapa mkono umechoka, lakini moyo bado unakuandikia.

Ni mimi nikupendaye tangu ulipokuwa huna jino,
kaka yako mkubwa,
Fundi Friji.